Njiti ya Dorcas

Dumu lilikuwa la mafuta ya kula, la lita tano. Mdomo wake ulizibwa kwa plasta, na katikati ya plasta pameachwa kitundu cha kutupia bomba moja moja la sindano lililokwisha tumika. Sajenti Bazilio alilitikisa, likalia kama kayamba. Akaagiza panga.

"Panga la nini tena?" Mkuu wa kituo alichungulia kutoka ofisini kwake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"La kufungulia kielelezo, afande."

"Bazilio, mzee kafa Jumanne. Leo Alhamisi. Mhudumu kakubali kwa mdomo wake kwamba amekuwa akimchoma sindano, na karatasi ya shirika inasema mhudumu haruhusiwi kushika sindano. Kesho saa tatu anasimama mbele ya hakimu kwa kuua bila kukusudia. Na wewe umekaa unafungua madumu."

"Kakubali siku zote, afande. Jumanne ndiyo kaikataa."

"Hata mwizi wa mbuzi hukubali mbuzi wote isipokuwa yule aliyekamatwa naye."

Askari wa zamu walicheka. Mkubwa akitania, hata ambaye hakusikia hucheka.

Marehemu alikuwa Mzee Saady Twalibu, muuza vitenge na mablanketi hapo mjini Kibondo. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimlaza upande wa kulia, na kisukari alikuwa nacho tangu zamani. Binti yake, Mwanaamina, ndiye aliyekuwa akiendesha duka na nyumba. Shirika moja lenye ofisi Kasulu, Mkono wa Jirani, lilimpelekea mhudumu wa nyumbani: Dorcas Nkunzimana, mama wa watoto wanne kutoka Kitahana. Kazi yake ilikuwa kumwosha mzee, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda, na kumkumbusha saa ya dawa. Kukumbusha tu. Sindano ilikuwa ya muuguzi.

Jumanne saa moja asubuhi mzee alichomwa insulini. Saa tatu akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Saa sita alifikishwa hospitali kwa bajaji. Kipimo cha sukari kikashindwa hata kutoa namba, kwa jinsi ilivyokuwa chini. Saa saba alikuwa amekata roho. Daktari aliandika mstari mmoja: dawa ilizidi.

Ilizidi vipi? Mwanaamina alikuwa na jibu, na jibu lake ndilo lililomweka Dorcas mahabusu. Alisema hivi kwenye maelezo yake: Asubuhi ile nilimchoma baba mwenyewe, kipimo cha ishirini na nne kama kadi ya hospitali inavyosema. Huyo mwanamke alikuwa amefika saa kumi na mbili, akakaa na baba peke yake nusu saa nzima. Naye alimchoma kwa mazoea yake, bila kuniambia. Baba kapigwa dozi mbili.

Ni maelezo yaliyosimama vizuri. Yalikuwa na upungufu mmoja tu: hakuna aliyehesabu.

Bazilio alilipasua dumu kwa panga, akamwaga mabomba juu ya gazeti, akavaa glovu, akaanza kuyapanga kumi kumi kama mama anayepanga mafungu ya dagaa sokoni. Yote aliyoyapanga yalikuwa na vifuniko vya rangi ya chungwa. Mafungu yalifika kumi. Likabaki bomba moja pembeni, na hilo kifuniko chake kilikuwa chekundu.

"Mia moja na moja," alisema.

Kwenye meza ileile palikuwa na boksi tupu lililochukuliwa chumbani kwa marehemu. Ubavuni liliandikwa: mabomba mia moja. Na palikuwa na bahasha ya kaki iliyokuja kwa basi kutoka Kasulu Jumatatu jioni, ndani yake mabomba ya vifuniko vyekundu, mapya, hayajafunguliwa. Karatasi ya bahasha ilisema kumi. Yalikuwapo tisa.

Boksi liliisha Jumatatu. Jumanne lilitumika bomba moja tu, jekundu, la kwenye bahasha.

"Angeweza kuchukua la zamani akarudia," alisema mkuu wa kituo, ambaye sasa alikuwa amesogea mezani bila mwenyewe kujua.

"Alitoe wapi, afande? Kitundu hiki kinapitisha kuingia. Kutoa mpaka upate panga."

Mkuu wa kituo aliirudisha miwani machoni. "Basi ni dozi moja."

"Ni dozi moja."

"Na dozi moja haiui."

"Hiyo ndiyo inayonisumbua."

*

Dorcas alitolewa mahabusu akiwa amefunga kitenge juu ya gauni la kazi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake.

"Mwakeye, mama," alisema Bazilio.

"Mwakeye, afande." Alishangaa kidogo kusalimiwa Kiha na mtu aliyevaa sare.

"Nani alikufundisha kuchoma?"

"Nimeshasema. Muuguzi Marselino wa Kasulu. Alikuja siku ya kwanza, akamchoma mzee mbele yangu. Kesho yake akaniambia nichome mimi, yeye anatazama. Halafu akaondoka."

"Akarudi lini?"

"Mara mbili. Kuleta karatasi."

"Na ile karatasi ya ukutani kwa mzee, inayosema mhudumu haruhusiwi sindano?"

"Ego, ndiyo, nayo aliileta yeye. Akanishika kidole nikaweka gumba. Nikamuuliza, muuguzi, sasa sindano? Akasema karatasi ni ya wazungu wa fedha, mgonjwa ni wa kwetu."

Bazilio aliandika. Nje ya dirisha mtu alikuwa akipigia kelele punda.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La pili, kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Mama akaugua, nikabaki kumwangalia. Baadaye nikaolewa Kitahana."

"Namba unazijua?"

"Noti nazijua kwa rangi."

"Na namba za kwenye bomba?"

Dorcas alishika pindo la kitenge chake.

"Mama, lile bomba lina mistari midogo kama miguu ya jongoo. Siku mia moja umevuta dawa humo na mzee hakupata hata kizunguzungu. Ulijuaje pa kusimama?"

Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Kisha akainama, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa kijinjiti cha majani ya kusukia vikapu, kifupi, hakifiki pingili ya kidole. Ncha zote mbili zilikuwa zimeunguzwa kwa moto zisichanuke.

"Hicho nini?"

"Kipimo. Siku ile ya kwanza muuguzi alivuta dawa, akasema, ni hapa, usipite, usipunguze. Nikaomba bomba nikalipima. Ndivyo tunavyopima vikapu, cha pili kilingane na cha kwanza. Ukiamini macho, vikapu vinatoka kimoja mama, kimoja mtoto."

"Kwa nini hukuwaambia tangu jana?"

"Nilifikiri ndilo kosa lenyewe. Kwenye semina walisema tusishike kifaa chochote cha kupimia dawa."

Bazilio alitaka kucheka, akajizuia. Alichukua bomba moja la kifuniko cha chungwa, akaweka kijinjiti ubavuni mwake. Kilianza kwenye sifuri, kikaishia kwenye mstari wa ishirini na nne, wala hakikusogea unywele. Hapo kuna watu wamesoma miaka mitatu chuoni na hawapimi hivyo.

"Jumanne ulichoma?"

"Sikugusa. Jumatatu mchana muuguzi alinipigia. Akasema, Dorcas, wakaguzi wanakuja kutoka Dar, kuanzia kesho usiguse sindano, karatasi yako unaijua. Nikamuuliza, nani atamchoma mzee? Akasema hiyo siyo kazi yako. Nikamwambia dada Mwanaamina, dada, nimekatazwa, tafuteni mtu. Akasema yeye kasoma, ataisoma kadi."

"Na sukari? Mwanaamina anasema ulitaka kumpa baba yake kikombe cha maji ya sukari. Mgonjwa wa kisukari."

"Alikuwa anatoka jasho, afande. Shuka limelowa. Ananiita kwa jina la mkewe aliyekufa. Semina walisema, ukiona jasho na kutetemeka, sukari haraka, kisha piga simu. Nikakoroga vijiko vitatu. Dada akaninyang'anya kikombe akamwaga uani. Akasema, unataka kummaliza? Nikapiga simu."

"Kwa nani?"

"Muuguzi. Hakupokea."

Simu yake ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo, ya vitufe, kioo kimepasuka. Bazilio aliiwasha. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na mbili. Saa tatu na kumi na tano. Saa tatu na ishirini na moja. Simu tatu kwa namba ileile. Zote tatu hazikupokewa.

Aliiandika kila dakika. Halafu, kwa kuwa kijinjiti bado kilikuwa mkononi, akakiweka ubavuni mwa bomba lile jekundu. Mabomba yalikuwa ya unene mmoja na urefu mmoja, kama pacha. Lakini kijinjiti kilichofika ishirini na nne kwenye la chungwa, kwenye jekundu hakikufika hata kumi.

Alirudia mara tatu. Hakuelewa, ila alijua ameshika mkia wa kitu.

"Niwekee gumba kwenye karatasi ya hiki kijinjiti, mama. Nakichukua."

"Utanirudishia?"

"Kikishatoa ushahidi."

*

Kituo kilikuwa na magari mawili. Moja halikuwa na mafuta, la pili lilikuwa na mkubwa. Bazilio alipanda Noah ya abiria, vielelezo kwenye mfuko wa rambo mapajani, na saa nane kasoro akawa ameshuka Kasulu.

Ofisi ya Mkono wa Jirani ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la saruji, na kibao chake barabarani kilikuwa kipana kuliko ofisi yenyewe. Muuguzi Marselino, msimamizi wa huduma za nyumbani, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, simu mbili mezani. Alimkaribisha soda. Bazilio akakataa soda.

"Suala hili linatusikitisha sana kama shirika," alianza Marselino. "Mhudumu alipewa mafunzo na akasaini mipaka yake ya kazi. Akivuka mipaka, hatuna—"

"Naomba fomu za ziara za Mzee Saady."

Marselino alitoa faili. Kila siku ilikuwa na mstari: sindano imetolewa na muuguzi, na sahihi yake ya mkunjo. Siku mia moja, sahihi mia moja, wino mmoja, mwinamo mmoja.

"Ulikuwa unatoka Kasulu kwenda Kibondo kila siku?"

"Tunajitahidi."

"Hata tarehe kumi na nne mwezi uliopita?"

"Kama nimesaini, nilikwenda."

Bazilio alinyanyua kidevu kuelekea ukutani. Palikuwa na picha kubwa kwenye fremu: watu ishirini wamepiga suti mbele ya bango la semina, Kigoma mjini, tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Marselino, anacheka, ameshika mkoba wa semina.

"Ulisafiri vizuri," alisema Bazilio. "Kigoma na Kibondo asubuhi moja. Hata ndege hatuna."

Muuguzi aliitazama picha kama inayomsengenya.

"Sajenti, nisikilize kiutu uzima. Nina wagonjwa sitini, wilaya mbili, pikipiki moja na iko gereji tangu Pasaka. Ningefanya nini? Ningewaacha wafe? Dorcas ana mkono mzuri. Nikamfundisha. Wengi tunafanya hivyo. Wanaoandika ile karatasi hawajawahi kumgeuza mgonjwa."

"Lakini wakaguzi walipotangazwa, ukamkataza."

"Ndiyo sheria."

"Ndiyo sheria. Na nani achome?"

Marselino alizipanga upya simu zake mbili.

"Alikuuliza, ukamwambia siyo kazi yake. Sasa nakuuliza mimi, na mimi ni kazi yangu."

"Nilijua familia itajipanga."

"Saa tatu na dakika kumi na mbili, Jumanne, simu yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye kikao cha maandalizi. Ya wakaguzi."

"Hiyo hapo mezani?"

"Niliizima sauti."

Bazilio aliliandika neno hilo. Kisha akatoa vitu vyake kimoja kimoja: bomba la chungwa, bomba jekundu jipya kutoka kwenye bahasha, kijinjiti. Akaweka kijinjiti kwenye la kwanza, ishirini na nne. Akaweka kwenye la pili, pungufu ya kumi.

"Nieleze, muuguzi. Mimi ni polisi tu."

Marselino alisogeza kiti. Alichukua bomba jekundu akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Kwa mara ya kwanza tangu Bazilio aingie, mdomo wake ulikosa maneno ya ofisi.

"Hizi ni za arobaini," alisema polepole.

"Maana yake?"

"Kuna insulini nyepesi, ya zamani, na kuna kali. Kila moja na bomba lake. Chungwa ni la dawa kali, ya mia. Jekundu ni la ile nyepesi, ya arobaini. Mistari yake ina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu dawa yake ni dhaifu."

"Na dawa ya mzee?"

"Kali. Ya mia."

"Una maji?"

Palikuwa na chupa ya maji. Bazilio alimsukumia. "Vuta kwenye jekundu mpaka ishirini na nne. Kama mtu anayesoma kadi."

Mikono ya muuguzi ilifanya kazi iliyoizoea. Alivuta, akagonga bomba kwa ukucha kutoa hewa, akasimama kwenye mstari.

"Sasa chomoa kijiti cha kusukumia cha bomba la chungwa, uyahamishie humo."

Yalipita taratibu, tone kwa tone. Maji yalivuka ishirini na nne. Yakavuka thelathini, yakavuka arobaini, yakavuka hamsini. Yalipokwisha, Marselino alikirudisha kijiti mahali pake, akakisukuma mpaka hewa ikatoka yote, akalishika bomba usawa wa macho.

"Soma," alisema Bazilio.

"Sitini."

"Sauti."

"Sitini, Sajenti."

Mashine ya saruji ya jirani ilinguruma, ikanyamaza.

"Dorcas angechoma kwa njiti yake," alisema Bazilio, "hata na bomba lako jekundu mzee angekuwa hai anadai uji. Njiti haisomi namba. Aliyesoma namba ni binti yake. Kidato cha nne, kadi mkononi, hakuna aliyemwonyesha, hakuna aliyemwambia bomba limebadilika. Nani alituma nyekundu?"

"Mimi. Za chungwa ziliisha stoo."

"Ulijua?"

"Nilifungasha nikiwa na haraka. Naandaa kikao kile kile." Alifungua simu moja, akatafuta, akaigeuza kwa Sajenti. "Niliomba za chungwa mara mbili. Soma jibu."

Jibu lilitoka kwa mratibu wa mkoa, maneno matatu: Tumia zilizopo kwanza.

"Hii simu naichukua. Nyekundu nyingine zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo Marselino alipobadilika rangi kabisa. "Nyumba mbili. Moja hapa mjini, moja njia ya Nyarugusu."

"Kabla sijaichukua, piga."

Nyumba ya mjini ilipokea mara ya kwanza, bahasha haijafunguliwa. Ile ya njia ya Nyarugusu iliita mpaka ikakatika. Iliita tena. Marselino alikuwa amesimama, kiganja kimeshika meza. Mara ya tatu mwanamke akapokea, akasema kwa Kiswahili cha Kongo kwamba mama ni muzima, anachapa usingizi, na zile shindano za rangi nyekundu hawakuzipenda, wangali wanatumia za zamani.

Marselino alikaa chini. Bazilio akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Twende ukaandike maelezo yako," alisema. "Na hiyo picha ya ukutani uitoe kwenye fremu."

*

Ilikuwa saa kumi na moja na robo aliposhuka Kibondo. Hakwenda kituoni kwanza. Alikwenda kwa Mzee Saady, ambako mikeka ya msiba ilikuwa bado imetandikwa uani na wanawake wawili wanachambua mchele.

Mwanaamina alitoka na ushungi mweusi, macho yamevimba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya dukani.

"Afande, kesho ni saa ngapi mahakamani? Nataka nimwone anavyosomewa."

"Tukae kwanza, bibie."

"Nikae nini? Siku tatu hizi sijui kukaa."

Alikaa hata hivyo, juu ya kizingiti. Bazilio alichuchumaa mbele yake, kwa kuwa kiti kingemfanya amtazame kutoka juu.

"Nieleze tena ya kikombe."

"Nimeshaeleza! Baba anatetemeka, namkuta huyo mwanamke anakoroga sukari. Sukari! Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Hata mtoto mdogo anajua. Nikamnyang'anya, akanishika mkono, ananing'ang'ania, 'dada mwache anywe, dada mwache anywe.' Nikamwaga. Kama si mimi, wallahi angemuua palepale."

Bazilio alitoa karatasi ya ukutani, iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na safu mbili. Watu wote wa kesi hii, kuanzia mkuu wa kituo mpaka shirika, walikuwa wamesoma safu ya kulia, HARUHUSIWI. Sindano, kupima dawa, mpira wa mkojo, kidonda kibichi.

"Wewe umesoma. Nisomee ya kushoto. Namba saba."

Mwanaamina aliichukua kwa hasira. "Anaruhusiwa. Saba. Mgonjwa wa kisukari akitoka jasho ghafla na kutetemeka, mpe kinywaji chenye sukari haraka, kisha piga..." Sauti ya dukani ilipungua. Alirudi mwanzo wa mstari, akasoma tena, midomo tu ikicheza.

Wanawake wa mchele waliacha kuchambua.

"Sukari yake ilikuwa chini?" aliuliza.

"Chini kabisa."

"Kwa hiyo kile kikombe..."

"Ndiyo."

"Nilikimwaga hapo." Alionyesha kwa kidole mahali pakavu karibu na karo, kama vile pangekuwa bado na alama.

Bazilio angeweza kuishia hapo. Wapo wakubwa wangemwambia aishie hapo, kesi ifungwe, jina moja la mnyonge liandikwe na chai inywewe. Lakini kesho saa tatu Dorcas alikuwa asimame mbele ya hakimu. Alimweleza habari ya mabomba, la chungwa na jekundu, kwa maneno machache, bila kupamba. Alimweleza maji yalivyopanda mpaka sitini.

Mwanaamina hakulia. Aliifunga karatasi mikunjo yake ilivyokuwa, mara nne, akaishika kifuani.

"Nilisoma kadi," alisema. "Imeandikwa ishirini na nne. Nikasoma bomba. Ishirini na nne."

"Ulisoma sawasawa."

"Basi ni mimi."

"Bomba ulitumiwa. Anayejua tofauti yake ni mmoja, na hakukuambia. Nitakuandika shahidi."

"Niandike unavyotaka. Ni mimi." Alisimama, akaingia ndani. Bazilio alimsikia akifungua kabati, akisogeza vyombo. Alitoka na chupa ya chai, kikombe, na kopo la sukari.

"Yuko wapi?"

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Marselino akiwa amesimama. Alisoma ujumbe wa maneno matatu. Akatazama fomu zenye sahihi mia moja, na picha ya semina iliyotolewa kwenye fremu.

"Kesho saa tatu nampeleka nani mahakamani, Bazilio?"

"Kesho hakuna mtu, afande. Marselino nimemwacha mahabusu Kasulu kwa faili jipya. Jumatatu namfuata huyu wa 'tumia zilizopo'."

"Huyo ana watu juu yake."

"Nitawaandika wote. Karatasi zipo."

"Na mwanamke? Alichoma siku mia moja bila ruhusa. Hilo ni kosa lake, usinifiche."

"Alichoma. Alimchoma mzee siku mia moja na mzee akaishi. Siku aliyotii, mzee akafa. Afande akipenda tumshitaki kwa zile mia, mimi nitamwandalia hakimu vizuri, na njiti nitaiweka juu ya meza."

Mkuu wa kituo alivuta kitabu cha mahabusu kwa mikono miwili, akatafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake, akaandika kwenye mstari wa Dorcas: ameachiwa, kusubiri kuitwa kama shahidi.

Dorcas alitolewa, akasimama nyuma ya kaunta akifunga kitenge vizuri. Alipomwona Mwanaamina kwenye benchi alirudi nyuma hatua moja.

Mwanaamina aliinuka, akasogea kaunta. Alimimina chai. Alifungua kopo, akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakoroga muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, kama wanavyopeana watu wa huku, akakinyoosha juu ya kaunta.

Dorcas alikitazama. Halafu, kabla ya kukipokea, akamgeukia Sajenti kuuliza kama inaruhusiwa.